Sura ya Sita: Diski Zimekufa. Je, Kompyuta Nazo Zimekufa?

Walimu wa sekondari huuliza, makarani wa vyama vya msingi vya korosho huuliza, na mwenye stesheneri pale sokoni naye huuliza: kompyuta ya zamani ikishakufa diski, bado ni kompyuta au imekuwa chuma chakavu?

Kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa, jibu lina gharama. Shule za wilaya kama hizi mara nyingi hupata mashine zilizokwisha kutumika miaka kadhaa ofisini kwingine. Kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye feni. Umeme ukikatika mtu akiwa katikati ya kazi, diski ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu diski za aina ile ya zamani huzunguka muda wote mashine ikiwa inafanya kazi. Duka lenye kipuri cha aina hasa unayoitaka huenda likawa Mtwara, au Kariakoo kabisa, na kipuri kitakuja na basi. Ukiwa na mashine ishirini zenye diski mbovu, hesabu ya diski ishirini mpya huishia kwenye kabati la mkuu wa shule.

Jibu fupi ni kwamba nyingi ya mashine hizo bado ni nzima. Diski ni ghala tu. Kazi hufanywa na prosesa, yaani kile kipande kinachopiga hesabu, pamoja na kumbukumbu ya muda ambayo mafundi huiita RAM. Chumbani kukiwa na kompyuta moja yenye afya na nguvu ya kutosha, zile nyingine zinaweza kuchota Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwake kwa waya wa mtandao kila zinapowashwa, zisihitaji diski hata kidogo. Kompyuta hiyo moja tutaiita seva, na zile nyingine tutaziita wateja. Intaneti haihitajiki, kila kitu kinabaki ndani ya chumba.

Jibu refu ni sura yenyewe, kwa kuwa mara ya kwanza utakapojaribu, haitawaka. Itasimama mahali fulani, itaandika herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, na hapo ndipo watu wengi huanza kufungua maboksi. Ninachokuomba ni kimoja: soma skrini kabla hujashika bisibisi. Skrini ile inakwambia safari imeishia wapi.

Wazo si geni

Mwaka 1999 Jim McQuillan wa Marekani alianzisha mradi unaoitwa LTSP, ambao kazi yake ni hii tunayoizungumzia: seva moja ya Linux kulisha kompyuta nyingi zisizo na diski. Afrika Kusini, taasisi ya Mark Shuttleworth ilijenga maabara za shule zilizoitwa tuXlab kwa njia hiyohiyo, na Namibia shirika la SchoolNet lilipeleka Linux isiyohitaji diski mashuleni. Mwaka 2019 LTSP iliandikwa upya kuanzia mwanzo, kazi iliyoongozwa na Alkis Georgopoulos wa Ugiriki, na toleo hilo jipya ndilo ninaloliwaza katika sura hii. Nyumbani nako programu huria si ngeni: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Nachingwea ina kumbukumbu yake ya mashine za mkono wa pili. Mradi wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuzikwa mwaka 1951, ulikuwa na maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulitegemea matrekta yaliyobaki vitani, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta vikapewa jina la Shervick. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga ilikuja kung'olewa. Ninalitaja hili kwa sababu moja tu: chuma cha zamani kinahitaji mtu wa kukilinganisha na kazi, na ulinganisho huo ndio ugumu wa kuwasha Linux mpya kwenye mashine ya zamani.

Safari ya kuwaka, hatua kwa hatua

Kompyuta isiyo na diski hupita hatua tano. Zikariri kwa mpangilio wake, kwa sababu tatizo la hatua ya pili haliwezi kutibiwa kwenye hatua ya nne.

1. Bayosi inaamka. Bayosi ni programu ndogo iliyochomwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Ndiyo inayoamua tuwake kutoka wapi.
2. Kadi ya mtandao inaomba anwani. Inatumia utaratibu uitwao PXE, ambao Intel waliueneza mwishoni mwa miaka ya 1990. Anayegawa anwani ni huduma inayoitwa DHCP.
3. Kadi inachota mafaili ya kwanza kwa njia iitwayo TFTP, itifaki ya zamani na nyepesi sana ya kusafirisha mafaili.
4. Keneli inaamka. Keneli ni kiini cha Linux, sehemu inayoongea na vifaa vyote. Huja na furushi dogo la vifaa vya kuanzia, ambalo mafundi huliita initrd.
5. Keneli inaunganisha mfumo mzima kutoka kwenye seva, kwa kawaida kwa NFS, yaani huduma inayofanya folda ya seva ionekane kama diski ya mteja.

Kabla hujasoma hata herufi moja, geuka utazame chumba. Mashine moja ikigoma na kumi na tisa zimewaka, ugonjwa uko kwenye mashine hiyo, waya wake, au tundu lake la swichi, kile kiboksi kinachounganisha waya zote za chumba. Zikigoma zote ishirini, usiguse mteja hata mmoja. Nenda kwenye seva au swichi. Kanuni hii peke yake huokoa nusu siku.

Kuna hali moja ambayo kwetu ni ya kila wiki. Umeme umekatika, umerudi. Mashine zote zinajiwasha kwa pamoja. Wateja wanaamka kwa sekunde chache na kuanza kuomba anwani. Seva bado inakagua diski zake. Wanaomba, hawajibiwi, wanakata tamaa, na mwalimu anaingia akikuta skrini ishirini zenye kosa lilelile. Hakuna kilichoharibika. Ingia kwenye bayosi ya kila mteja, chagua kwamba baada ya umeme kurudi mashine ibaki imezimwa, na uwashe kwa mkono seva ikishakuwa tayari. UPS yako moja, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, iweke kwenye seva na swichi. Wateja wasio na diski wakizimika ghafla mwanafunzi atapoteza alichokuwa hajahifadhi, lakini mashine yenyewe haina diski ya kuumia.

Mashine haionyeshi chochote cha mtandao

Bayosi ikipita moja kwa moja na kulalamika kwamba hakuna diski, maana yake haijaambiwa iwake kwa mtandao. Kwenye mashine nyingi za ofisi, kubonyeza F12 wakati wa kuwaka huleta orodha ya kuchagua. Wakati mwingine mtandao haumo kwenye orodha hiyo mpaka uingie kwenye mipangilio na kuruhusu kadi ya ndani iwake kwa PXE.

Basi umepanga vizuri leo, kesho asubuhi imesahau. Huo ni ugonjwa wa betri ndogo ya saa, ile ya duara aina ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu. Ikiisha, bayosi husahau mpangilio wake kila umeme unapotoka, na saa hurudi miaka mingi nyuma. Saa ikiwa nyuma, tovuti zenye ulinzi zitakataa kufunguka, na watu watailaumu intaneti. Nunua betri za chumba kizima kwa mpigo mmoja.

Mashine isiyotoa hata mwanga kwenye skrini ni suala jingine. Hapo fungua boksi utazame zile silinda ndogo zinazoitwa kapasita. Zikiwa zimevimba kichwani au kuvuja, ubao umechoka. Dell OptiPlex GX270 na GX280, zilizouzwa kati ya mwaka 2003 na 2005, zinajulikana duniani kote kwa ugonjwa huu, na bado utazikuta kwenye stoo za shule.

Waya na anwani

Mteja anayeomba anwani ni kama mgeni aliyeshuka stendi usiku asiyemjua mtu yeyote: anapaza sauti kuuliza mwenyeji ni nani, na anamfuata wa kwanza atakayeitika. Shida zote za hatua hii ni mbili. Ama hakuna aliyeitika, ama ameitika asiye mwenyeji.

Kadi za PXE zina namba za makosa, nazo ni zilezile karibu kwenye mashine zote za zamani:

- PXE-E61: kadi haioni waya kabisa. Waya umechomoka, umeliwa na panya, au swichi imezimwa.
- PXE-E51: waya upo, ila hakuna aliyejibu ombi la anwani.
- PXE-E53: anwani imepatikana, lakini mteja hakuambiwa achukue faili gani.
- PXE-E32: jina la faili limejulikana, lakini huduma ya TFTP haijibu.
- PXE-T01 au PXE-E3B: TFTP imejibu kwamba faili hilo halipo.
- PXE-M0F: kadi inaaga tu. Kosa lenyewe liko mstari wa juu yake.

Kwa E61, badilishana waya na mashine ya jirani iliyowaka. Ugonjwa ukihama, ni waya. Ukibaki, hamisha tundu la swichi. Ukibaki tena, ni kadi.

E51 huwa na sababu moja inayowachanganya hata mafundi. Swichi kubwa zilizotoka maofisini zina ulinzi wa kuzuia waya kujizungusha, na ulinzi huo huliweka tundu kimya kwa sekunde 30 hivi baada ya mashine kuwashwa. Kadi ya PXE haina subira ya hivyo. Inaomba, inakata tamaa, ndipo tundu linafunguka. Ukiona kwamba mara ya pili ya kujaribu bila kuzima mashine inafanikiwa, umepata jawabu. Zima ulinzi huo kwenye matundu ya wateja, au tumia swichi ya bei nafuu isiyo na mipangilio. Kwa chumba cha shule mimi napendelea hiyo ya bei nafuu.

E53 ndiyo inayoonekana zaidi shuleni, na karibu kila mara chanzo chake ni ruta ya intaneti, kile kiboksi chenye laini ya simu. Ruta nayo hugawa anwani. Mteja anapouliza, ruta inawahi kuitika, inampa anwani safi, lakini haijui lolote kuhusu Linux wala faili la kuwashia.

Kuna tiba tatu. Ya kwanza ni kuacha ruta igawe anwani, na seva iongezee taarifa ya faili tu; programu iitwayo dnsmasq inaweza hilo, na LTSP mpya huitumia hivyo kwa mpangilio wake wa kawaida. Ni nzuri kwa mashine za kawaida. Ila kadi za zamani kabisa hazielewi vyema kujibiwa na watu wawili kwa swali moja, na hapo utakuja kwenye tiba ya pili: ingia kwenye ruta, zima ugawaji wake, na seva ibebe kazi yote. Ya tatu ni kutenganisha. Seva inawekewa kadi mbili za mtandao, moja inaelekea ruta, nyingine inaelekea wateja. LTSP ikipangwa hivyo hutarajia uipe seva anwani 192.168.67.1 upande wa wateja. Kwa vifaa vya zamani hii ya tatu ndiyo ningeichagua bila kufikiri sana, kwa sababu siku mtu akileta ruta mpya au akiizungusha mipangilio yake, chumba hakitaanguka.

E32 mara nyingi ni ukuta wa ulinzi kwenye seva yenyewe, unaozuia mlango namba 69 wa UDP ambao TFTP huutumia. T01 ni jina lililokosewa. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na hapo wengi hukwama.

Kwa ufupi: namba ya E61 au E51 inakuelekeza kwenye waya, swichi na mgawaji wa anwani. E53 inakuelekeza kwenye ruta. E32 na T01 zinakuelekeza kwenye mafaili ya seva.

Faili linalokwama njiani

TFTP ni ya mwaka 1981, na inafanya kazi kwa uvumilivu wa enzi zile: hutuma kipande cha baiti 512, husubiri jibu kwamba kimefika, ndipo hutuma kingine. Hesabu ya vipande imewekewa nafasi ya kufika 65,535 tu. Ukizidisha, unapata megabaiti 32 hivi. Zamani hiyo ilikuwa kubwa kupindukia. Initrd nyingi za leo huzidi hapo. Kadi ya zamani isiyojua kuomba vipande vikubwa zaidi itapakua vizuri, itafika karibu na megabaiti 32, kisha itaganda. Faili likikatikia palepale kila mara, usiangalie waya.

Njia nzuri ya kuepuka yote haya ni iPXE. Hii ni programu ya bure, mrithi wa Etherboot iliyoanza mwaka 1995, inayofanya kazi ya PXE lakini kwa akili zaidi: inajua kuchota mafaili kwa HTTP, itifaki ileile ya kurasa za tovuti, ambayo haina kikomo hicho na ni ya haraka. Si lazima uichome kwenye kadi. Kadi ya zamani inaweza kuchota iPXE, ambayo ni faili dogo sana, kwa TFTP; kisha iPXE ndiyo ichote keneli. Mashine ambayo kadi yake haina PXE kabisa inawashwa kwa iPXE iliyowekwa kwenye flashi au sidii. Hivyo hata kompyuta iliyotengenezwa kabla PXE haijaenea haijapoteza nafasi, mradi iPXE iwe na draiva ya kadi yake. Draiva ni kipande cha programu kinachojua kuongea na kifaa fulani.

Keneli inapoikataa mashine

Hatua ya nne ndipo umri wa mashine unapohukumiwa, na hapa nakusihi usome taratibu, kwa kuwa mtu hufika hapa akiwa amechoka na kudhani amekaribia mwisho.

Linus Torvalds aliiandika Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta ya prosesa ya 386. Desemba 2012 yeye mwenyewe alikubali prosesa hiyo iondolewe, na keneli namba 3.8 iliyotoka Februari 2013 haiijui tena. Kila baada ya miaka kadhaa mstari husogezwa. Debian, mojawapo ya familia kubwa za Linux, ilipotoa toleo la 12 mwaka 2023 iliziacha prosesa fulani za zamani, mojawapo AMD Geode, ile iliyokuwa ndani ya kompyuta ndogo za watoto za OLPC walizogawiwa wanafunzi wa Rwanda. Toleo la 13 la Agosti 2025 halitoi tena keneli wala kisakinishi kwa mashine za biti 32.

Biti 32 au 64 ni upana wa namba ambazo prosesa hushika kwa mara moja. Pentium 4 nyingi za mwanzo ni za 32. Core 2 Duo za kuanzia mwaka 2006 ni za 64, na hizo bado zinapokea Linux ya leo. Ukipeleka keneli ya 64 kwenye prosesa ya 32, mashine itakwambia waziwazi kwamba keneli inataka x86-64 lakini imekuta i686. Huo ujumbe ni wa kukushukuria: waya ni mzima, anwani ni sahihi, faili limefika. Umekosea saizi tu. Tumia Debian 12 ya biti 32 au iliyotangulia, uitengenezee nakala yake ya mfumo kwenye seva. Seva yenyewe inaweza kubaki ya 64. Ukiwa na mchanganyiko, na chumba cha shule karibu kila mara ni mchanganyiko, iPXE inaweza kukagua prosesa na kuchagua keneli inayofaa.

Laputopu za Pentium M za mwaka 2003 na 2004 zina kioja chao. Keneli nyingi za biti 32 hutaka uwezo uitwao PAE, wa kushughulikia kumbukumbu kubwa. Baadhi ya prosesa hizo zinao uwezo huo lakini hazijitangazi, hivyo keneli inakataa. Ukiongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia, inakubali.

Sasa lile linalowaumiza kichwa wengi kuliko yote. Keneli imeamka, maandishi yanateremka kwa kasi, kisha yanasimama: ama inalalamika kwamba hakuna kadi ya mtandao, ama inaandika "kernel panic" pamoja na maneno yanayosema imeshindwa kuunganisha mfumo wa mafaili. Mwalimu anauliza, na ana haki ya kuuliza, inakuwaje kadi haipo wakati sekunde chache zilizopita keneli yenyewe imepita kwenye kadi hiyo?

Ni kwamba kadi ileile hutumiwa na programu mbili tofauti. Ya kwanza ni PXE, iliyochomwa ndani ya kadi. Keneli ikishaamka, PXE imemaliza kazi yake, na Linux inapaswa kuishika kadi upya kwa draiva yake. Draiva hiyo isipokuwemo ndani ya initrd, Linux haina mkono wa kushikia. Na haiwezi kwenda kuichukua kwenye seva, kwa sababu njia ya kwenda huko ni kadi hiyohiyo.

Tiba: iwashe mashine hiyo kwa Linux ya flashi, andika amri lspci -k, usome jina la kadi na draiva yake. Kadi za Realtek 8139, zilizojaa kwenye kompyuta za miaka ya 2000, hutumia 8139too. Broadcom za OptiPlex nyingi hutumia tg3. Intel PRO/100 hutumia e100. Kisha kwenye seva hakikisha initrd inajengwa ikiwa na draiva za mtandao. Kwenye Debian kuna mpangilio MODULES=netboot uliowekwa kwa kusudi hili: unaingiza draiva za mtandao na kuacha za diski, na hivyo furushi nalo linapungua.

Baadhi ya kadi hutaka pia femwea, yaani programu ndogo ambayo kadi hupakiwa kila inapowashwa. Kwa miaka mingi Debian haikuziweka femwea zisizo huria kwenye diski zake rasmi za kusakinishia; ilianza kuziweka kwenye toleo la 12. Ukitumia la zamani zaidi, itabidi uziongeze mwenyewe, na ni vyema uzipakue ukiwa Mtwara au Masasi penye intaneti nzuri kabla hujafunga safari ya Ruangwa.

Kumbukumbu nayo huleta kosa la hatua hii. Furushi la initrd huja limebanwa na hufumuliwa ndani ya RAM. Mashine yenye megabaiti 256 inaweza kukosa nafasi ya kulifumulia, na keneli ikaishia kulalamika kwamba imeshindwa kuandika. Vipande vya RAM vya zamani hupatikana kwa kuvitoa kwenye mashine zilizokufa ubao. Kompyuta mbili mbovu zenye megabaiti 512 kila moja zinaweza kuzaa moja nzuri.

Mlango wa mwisho

Keneli imepata kadi na anwani, na imegoma kwenye NFS. Kwenye mashine za zamani sababu huwa ni pande mbili kuzeeka kwa mwendo tofauti: keneli ya zamani huomba NFS kwa toleo la pili na kwa UDP, wakati seva mpya imeshaviacha vyote viwili. Itaje njia waziwazi kwenye mstari wa kuwashia:

root=/dev/nfs nfsroot=192.168.67.1:/srv/linux,vers=3,tcp ip=dhcp

Folda iliyotajwa hapo iwe imeorodheshwa kwenye faili /etc/exports la seva.

Halafu kuna skrini inayokuwa nyeusi kabisa baada ya kila kitu kuonekana kinakwenda. Usizime. Nenda kwenye seva, itume amri ya ping kwa anwani ya mteja huyo. Akijibu, mashine imewaka na kinachokosekana ni picha tu. Kadi ya picha ya zamani imeshindwa kuelewana na draiva mpya. Ongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia. Picha itakuwa ya kawaida tu, video zitakwenda kwa kukwamakwama, lakini somo litaendelea.

Chumba kizima kwa mara moja

Mashine moja imewaka, umefurahi, unawasha zote ishirini na zinatambaa. Piga hesabu. Initrd ya megabaiti 60 mara wateja 20 ni megabaiti 1,200. Waya wa seva wa megabiti 100 hupitisha megabaiti 12 hivi kwa sekunde ukiwa na bahati. Ni sekunde 100 kwa faili moja tu, kabla ya programu zenyewe. Hapa pesa ndogo hufanya kazi kubwa: kadi ya gigabiti kwenye seva, na swichi yenye tundu moja la gigabiti kwa ajili yake. Wateja wabaki na kadi zao za 100. Mpaka hapo pesa itakapopatikana, washa safu kwa safu.

Zipi zifufuliwe, zipi ziachwe

Maoni yangu, na fundi mwingine anaweza kukataa: mashine ya biti 64 yenye RAM ya gigabaiti 2 ifufuliwe bila kusita. Ya biti 32 yenye gigabaiti 1 inafaa kwa kuchapa, hesabu za jedwali na mazoezi ya Linux, lakini usiitarajie kwenye tovuti za leo. Chini ya hapo iwe dirisha tu: programu ziendeshwe ndani ya seva, na mashine ya zamani ionyeshe picha na kupokea kibodi, mradi seva iwe na RAM ya kutosha kuwabeba wote. Yenye megabaiti 256 na kapasita zilizovimba, ing'oe RAM, pawasaplai na betri, kisha iache. Shule inayopewa mashine za aina hiyo kwa hisani ina haki ya kukataa, kwa maana mzigo wa kuzitupa nao utakuwa wake.

Na ombi kwako, mwalimu. Uhamisho wako utakuja, kama unavyokuja kwa kila mtumishi, na chumba kitabaki. Kabla barua haijafika, andika kwenye karatasi anwani ya seva, mahali yalipo mafaili ya kuwashia, toleo la Linux ulilotumia, aina ya kadi ya kila mashine, na zile namba za PXE pamoja na tiba ulizozithibitisha mwenyewe. Bandika nakala moja ndani ya mlango wa chumba cha kompyuta, na nyingine mkabidhi makamu mkuu wa shule.